Gereji ya Malindi, chumvi ya bahari na sanduku la marehemu baba

Msomaji anauliza:

"Assalamu alaykum, fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Malindi upande wa Shella, karibu na bahari. Nyumba ni ya marehemu baba yangu, aliyekuwa seremala. Ina gereji ya gari moja iliyojaa kila kitu: ndoo za rangi, vipande vya mabomba, baiskeli mbovu, maboksi, mtungi wa gesi wa akiba, dawa za bwawa la kuogelea la nyumba anayoitunza mume wangu, na sanduku la vifaa vya baba ambalo halijafunguliwa miaka sita. Tuktuk yetu hulala humo ikipata nafasi. Mfereji ukivuja twaita fundi, kitasa kikilegea twaita fundi. Nimeweka akiba ya shilingi 15,000. Ninunue vifaa gani, na gereji niipange vipi? Na vya baba je, nitupe? Vile vya juu nilivyoviona vyote vimeshika kutu."

Jibu:

Wa alaykum salaam, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako. Swali lako la mwisho nalijibu kwanza kwa neno moja: usitupe. Nitalirudia mbele, maana lataka nafasi yake. Na zile 15,000 zikae zilipo kwa wiki mbili. Wengi huanza kupanga gereji kwa kwenda dukani. Hurudi na seti ya vipande mia ndani ya kisanduku cha plastiki, na baada ya masika mbili wanabaki na vipande mia vya kutu.

Adui yako hapo Shella ni chumvi. Nataka hili ulielewe vizuri, kwa kuwa yote nitakayokwambia baadaye yanatoka hapa. Upepo wa baharini, hasa kusi linalovuma kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, hubeba matone madogo mno ya maji ya bahari. Yakikauka yanaacha chumvi juu ya kila kitu. Pitisha kidole kwenye kioo cha dirisha linalotazama pwani, kisha kilambe, utaionja. Na chumvi ina tabia yake: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, huanza kunywa maji kutoka hewani mpaka ikayeyuka yenyewe. Ndiyo maana chumvi ya jikoni hugandamana kikopo kikisahauliwa wazi. Usiku wa Malindi unyevu hupita kiwango hicho mara nyingi sana. Basi nyundo yako imelala ndani, hakuna tone la mvua lililoigusa, na bado usiku inavaa shuka jembamba la maji ya chumvi. Mchana linakauka, usiku linarudi. Pale chuma kilipogusana na sakafu, ukuta au gunia, hewa haipiti na shuka halikauki hata mchana, na hapo ndipo kutu huanza kula.

Kwa hivyo kupanga gereji kwetu sisi ni kupanga hewa. Kila chuma kipate hewa pande zote, kiwe na mafuta mwilini, na kisiguse saruji.

Lakini kabla ya hayo kuna kazi ya leo, usiingoje mwisho wa wiki: dawa za bwawa zitoke humo. Klorini ya unga au ya vidonge, kopo lisipofungwa sawasawa, hutoa mvuke unaokula chuma haraka kuliko bahari yenyewe. Niliwahi kuingia stoo moja ya nyumba yenye bwawa nikakuta bawaba za mlango zimelika, ukizigusa zinamung'unyika kama biskuti, na spana zilizokuwa rafuni hazifunguki tena. Hiyo ni hasara ya vyuma tu. Klorini ikikutana na asidi, ile ile inayotumika kusawazisha maji ya bwawa, hutoa gesi ya sumu. Ikikutana na petroli, oili au mafuta ya breki yaweza kuwaka moto bila kiberiti. Na wewe una tuktuk humo ndani. Mwambie mume wako azirudishe huko huko kwenye bwawa, kwenye kibanda kinachopitisha hewa, klorini upande wake na asidi upande wake, mbali mbali.

Mtungi wa gesi nao utoke. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika na kujaa pale chini ambapo tuktuk huwashwa asubuhi. Uweke nje kivulini, umesimama wima, mahali watoto hawafikii. Galoni ya petroli, kama ipo, hukumu yake ni hiyo hiyo.

Sasa gereji yenyewe. Kama waweza kungoja, kazi hii ipe Januari au Februari, kaskazi linapovuma na ardhi imekauka. Usiianze Mei, mwezi ambao mvua ya Malindi hufika kilele chake. Tandika turubai uani, toa vitu vyote, vyote kabisa, mpaka ubaki na kuta nne. Mtu akipanga gereji bila kuitoa vitu huwa anahamisha vumbi kona hii kulipeleka kona ile.

Maboksi ya karatasi yasirudi ndani. Kwa mchwa boksi la karatasi ni pilau, na akishalimaliza anapanda kwenye mbao. Badala yake tumia ndoo za rangi za lita 4 zilizosafishwa, mikebe ya plastiki ya Blue Band, na chupa za vioo za jamu ambazo unaona kilichomo bila kufungua. Rangi za zamani zitikise moja moja: isiyocheza ndani imeganda, iage. Inayocheza ifungue, chovya kijiti, upake kifuniko chake rangi ile ile ya ndani na uandike ni ya chumba gani. Mabomba yaliyo chini ya nusu mita hayana faida, usiyahurumie. Baiskeli itoe pampu kwanza, utaihitaji baadaye kidogo, halafu mpe anayeweza kuitengeneza.

Kilichobaki kigawe kwa kazi. Sijui nani alitufundisha kupanga vifaa kwa sura, nyundo na nyundo, koleo na koleo. Mfereji unapomwaga maji saa nne usiku huendi kutafuta "spana zote", unatafuta vitu vya maji. Basi vitu vya maji viwe ndoo moja: washa za mpira, tepu nyeupe ya kufungia nyuzi za bomba, kipande cha bomba, kiungio kimoja au viwili. Vitu vya umeme ndoo nyingine. Misumari, skrubu na bawaba za milango ndoo ya tatu. Brashi na msasa ya nne. Unachukua ndoo moja unaenda jikoni, kazi ikiisha yarudi mahali pake. Kamba, vyandarua na mpira wa kumwagilia maji viweke kwenye makapu ya ukindu yaliyoning'inizwa. Kapu hupumua, na ndoo yenye kifuniko haipumui.

Vifaa vyenyewe, vile vya mkononi, vikae juu ya ubao ukutani, na hapa naomba twende polepole.

Nunua nusu ya karatasi ya plaiwudi ya milimita 18, yaani futi 4 kwa futi 4. Ipake rangi ya mafuta mbele, nyuma, na zaidi ya yote kingoni, kwa sababu plaiwudi hunywea maji kingoni. Usiipigilie moja kwa moja ukutani. Kuta za kwetu zina chumvi ndani yake, hasa nyumba zilizowahi kupigwa lipu kwa mchanga wa pwani, na ule unga mweupe unaochomoza na kubandua rangi ni ushahidi. Weka kwanza vipande viwili vya mbao ya 2 kwa 2, vimesimama wima, halafu ubao juu yake. Unapata nafasi ya inchi mbili nyuma ambamo hewa inapita, na mchwa akipandisha barabara yake ya udongo unamwona mapema.

Kutoboa ukuta ndiko wengi wanakoharibu. Nyumba nyingi Malindi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe ya machimboni, na jiwe hilo ni laini, lina vitundu. Drili ikiwekwa kwenye pigo la nyundo, jiwe linasagika, tundu la milimita 8 linakuwa la 12, na plagi, ile ya plastiki inayoshika skrubu, inazunguka ndani bila kushika. Zima pigo. Acha keekee, ile ncha ya drili, izunguke tu, kwa kasi ndogo, wala usiisukume kwa kifua. Tia alama ya tepu kwenye keekee ujue umefika wapi, na ukihesabu kina usihesabu lipu, lipu haishiki kitu. Ingia sentimita 5 ndani ya jiwe lenyewe. Kisha chukua ile pampu ya baiskeli, ingiza mdomo wake tunduni, pampu mara nne tano mpaka vumbi liishe kutoka. Vumbi likibaki, plagi imekaa juu ya unga. Plagi ya milimita 8 na skrubu nene ya milimita 5 zatosha, tatu kwa kila mbao. Na usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi kwa mstari ulionyooka, nyaya hupita hapo.

Drili huna, najua. Azima au kodi kwa siku moja. Nitarudi kwenye drili.

Vya kuning'inizia, vigingi vya mti vina nafuu kuliko misumari, kwani chuma kinachokaa juu ya chuma hakikosi kutu pale vinapogusana. Toboa ubao kwa mshazari kidogo, kigingi kitazame juu, tia gundi. Panga kila kifaa mahali pake, kisha chora umbo lake kwa kalamu. Kikikosekana unaona pengo. Jirani akija kuazima, na atakuja, maana ujirani ndio huo, ning'iniza kipande cha karatasi chenye jina lake penye lile pengo. Hakuna ugomvi wala kusahau. Panga, msumeno na patasi ziwe juu kuliko mkono wa mtoto aliyesimama kwenye stuli.

Rafu ya ndoo iwe ukuta wa pili, miguu yake juu ya mawe, imeachana na ukuta kiasi cha upana wa kiganja. Katikati ni pa tuktuk. Tuktuk ina upana wa mita 1.3 hivi, gereji ya gari moja yaibeba na bado unapita na ndoo mkononi. Chora mistari miwili ya rangi nyeupe sakafuni, na chochote kikivuka mstari kimekosea njia. Ikirudi imelowa mvua, iachwe nje mpaka ikauke ndipo iingie, vinginevyo unafungia unyevu wote ule ndani na vyuma vyako usiku kucha.

Sasa ununuzi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nawaheshimu, lakini kwa vifaa vya nyumbani nakuomba uchague, uchague sana. Fundi wa kila siku akipata spana mbovu ataiwezea kwa uzoefu wa mkono. Wewe unayeishika mara moja kwa mwezi ndiye unayehitaji spana nzuri, kwa sababu ile mbovu itakula kona za nati, na nati iliyolika kona ni kazi ya fundi tena.

Anza na spana ya kurekebisha, ya inchi 10. Dukani ishike, ifungue katikati, kisha ujaribu kulitikisa taya kwa kidole gumba. Likicheza kushoto kulia, irudishe. Zungusha skrubu yake mpaka mwisho na urudi: isikwame, isiteleze. Maandishi ya "Chrome Vanadium", jina la chuma kigumu, yasikuhadae, kupiga chapa ni rahisi. Jicho na kidole ndivyo vitakavyokwambia ukweli.

Koleo, lile wengine huliita plaisi, chukua la inchi 8. Lifunge, uliinue penye mwanga, utazame katikati ya meno. Mwanga ukipita upande mmoja zaidi ya mwingine, meno hayajakutana. Ongeza koleo la pili, lile lenye mdomo unaopanuka kwa kuhamisha pini, kwa ajili ya bomba na vifuniko vilivyokaza.

Bisibisi nunua nne tu, bapa mbili, ndogo na kubwa, na nyota mbili. Lakini jua jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: nyota ziko aina mbili. Tazama kichwa cha skrubu. Ukiona msalaba peke yake, hiyo yataka bisibisi iliyoandikwa PH. Ukiona msalaba na vijistari vinne vyembamba katikati ya mikono yake, hiyo yataka PZ. Ukiingiza PH kwenye skrubu ya PZ inaonekana imekaa, halafu ukikaza inaruka na kutafuna kichwa. Nyingi ya skrubu "zilizogoma" nilizoitiwa nyumba za watu hazikuwa zimegoma, zilikuwa zimetafunwa na bisibisi isiyo yake. Nyumbani chukua PH2 na PZ2, hiyo 2 ni saizi.

Msumeno wa chuma wenye fremu utakata bomba la plastiki, bolti na komeo, nunua na nyembe mbili za akiba zenye meno 24 kwa inchi. Tepu ya kupimia ya mita 5. Pimamaji ndogo. Testa. Tochi ya kuvaa kichwani, ambayo watu huiona anasa hadi siku ya kulala chini ya sinki mikono yote miwili ikiwa na kazi. Kwenye orodha hii nyundo, msumeno wa mbao, patasi na randa sijavitaja, na sababu utaiona.

Ukitumia nusu ya akiba yako kwa hivi, umetumia vizuri. Robo iende kwenye plaiwudi, rangi, skrubu na plagi. Robo ya mwisho iweke kwa drili ya waya, ya wati 600 au 700, yenye mdomo wa milimita 13 na swichi ya kuzima pigo. Ile ya betri ni nyepesi na yavutia, lakini betri iliyokaa miezi bila kazi kwenye joto letu huchoka, na kununua nyingine ni karibu bei ya drili. Subiri mpaka uone umeazima drili mara tatu kwa mwaka. Pengine hutafika tatu.

Nikuonyeshe jinsi vitu hivi vichache vinavyomaliza kazi. Mfereji wako wa jikoni, tuseme, unadondosha. Funga koki inayouletea maji, kisha uufungue mfereji mpaka uishiwe. Ziba shimo la sinki kwa kitambaa, kwa sababu kiskrubu kidogo kitakachoanguka kitatafuta shimo hilo tu. Bandua kifuniko cha juu cha mpini kwa bisibisi bapa, fungua skrubu iliyo chini yake, vuta mpini utoke. Utaona nati ya shaba. Spana ya kurekebisha ikaze mpaka isicheze kabisa juu ya nati, taya lile linalosogea liwe upande unaovutia, mkono wa pili ushike mwili wa mfereji kwa koleo kubwa lililofungwa kitambaa usije ukapinda bomba ukutani. Nati ikilegea, toa kiini chote. Mwisho wake kuna washa ya mpira, na hiyo utaikuta imekuwa ngumu, ina mfuo mdogo uliochimbwa katikati. Badilisha kwa saizi ile ile. Kabla hujarudisha, ingiza kidole kwenye kile kiti ambacho washa hukalia. Nyumba zinazotumia maji ya kisima cha chumvi hujaa magamba meupe hapo, na washa mpya juu ya magamba itavuja kesho. Yasugue kwa kitambaa cha siki. Rudisha, kaza kwa kiasi, fungua koki polepole. Ikiwa mfereji wako ni ule wa kuzungusha robo tu, hauna washa ya namna hii, toa kiini chote upeleke dukani ukanunue mfano wake.

Umeme sitakuonyesha hivyo. Badilisha balbu, badilisha plagi ya pasi, badilisha fyuzi iliyo ndani ya plagi kwa kiwango kilekile: 13 kwa pasi na birika, 3 kwa taa ya mezani na redio. Wanaoweka ya 13 kila mahali wameondoa ulinzi bila kujua. Testa yako, kabla hujaiamini pasipo umeme, ijaribu kwanza penye umeme unaoujua. Lakini chochote kilicho nyuma ya kifuniko cha soketi au ndani ya boksi la mita, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, na uione hiyo leseni. Ni volti 240, na kuta zenye chumvi na unyevu hazimsamehi mtu aliyesimama peku.

Sasa lile sanduku.

Seremala wa umri wa baba yako hakununua vyuma vya mapambo. Kutu uliyoiona yaweza kuwa ya ngozi tu. Kwaruza kwa ukucha wa bisibisi: ukikuta chuma cheusi kisicho na mashimo chini yake, kifaa kizima. Ukikuta mashimo yenye kina kwenye makali, hicho kimeumia, ingawa hata patasi iliyoumia ncha huweza kunolewa mpaka ipite mahali palipolika.

Osha kwanza kwa maji ya mvua au ya mfereji wa kampuni na sabuni, chumvi itoke. Maji ya kisima cha chumvi yasiguse. Tenga mti na chuma, mpini usiloweke. Vyuma vilivyobaki vizamishe ndani ya siki nyeupe kwenye beseni la plastiki, asubuhi hadi asubuhi, visipite hapo, kwa kuwa siki ikimaliza kutu huanza chuma. Vitoe, visugue kwa burashi ya waya, kutu itatoka kama matope meusi. Halafu visuuze kwa maji yaliyotiwa magadi kidogo ili kuua ukali wa siki. Hapa usiende kupokea simu. Chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu mpya machoni pako, ndani ya dakika. Futa, anika kwenye jua kali mpaka kikuunguze kiganja kidogo, na kikiwa bado na moto kipake mafuta ya cherehani. Vipande vya shaba usivichanganye humo, hivyo vipe ukwaju au ndimu, kama mama zetu walivyosugua sinia.

Mafuta hayo ndiyo yatakayokaa kati ya chuma na chumvi. Jahazi la mbao hupakwa sifa, mafuta ya papa, ili lihimili bahari, na mafundi wa Matondoni kule Lamu hawahitaji kuelezwa sababu. Vifaa vyako vinataka hivyo hivyo. Weka soksi kuukuu iliyolowa mafuta ya cherehani ndani ya mkebe wenye kifuniko, kando ya ubao. Kila ukimaliza kazi, futa kifaa kabla ya kukirudisha kigingini. Mara moja kwa mwezi pitia vyote, ni kazi ya dakika kumi, na miezi ya kusi fanya mara mbili. Mafuta ya nazi usitumie, yanachacha na kunata vumbi. Oili chafu ya injini nayo usiishike kwa mikono mitupu, ina sumu inayopita ngozini.

Nadhani ndani ya sanduku utakuta nyundo, msumeno, patasi mbili tatu, randa, pengine na keekee ya mkono, ile ya kuzungusha kwa kiganja. Kama keekee ipo na chuma chake kizima, matundu ya vigingi vya ule ubao itayatoboa bila umeme, na utashangaa ilivyo tulivu. Ndiyo maana nilikwambia zile 15,000 zikae zilipo kwanza: usinunue kabla ya kufungua. Nyundo iangalie kichwa kama kinacheza. Kikicheza, mti umekauka, na kuuloweka majini ni dawa ya siku mbili tu. Pigilia kabari mpya juu.

Patasi na randa zitahitaji kunolewa, na mara ya kwanza usijaribu peke yako. Zipeleke kwa seremala anayefanya kazi ya mkono, mlipe, lakini umwombe ukae pembeni umtazame anavyoshika pembe ya makali juu ya jiwe. Mara ya pili utafanya mwenyewe.

Na ile mipini, ifute kwa kitambaa kikavu tu, usiipige msasa. Mpini wa nyundo iliyoshikwa na mkono mmoja kwa miaka mingi huwa umelika kidogo pale gumba linapokaa, karibu na mwisho wa mpini. Watu wasiojua nyundo huishika juu, karibu na kichwa, na ndiyo sababu misumari yao hupinda. Weka gumba lako palipolika, ndipo upige.